Wana Mwanza, timu ya wanawake ya kulipwa ikae chini ya Lindanda (Pamba Jiji) au isimame yenyewe?

Mjomba wa Mkolani (mleta mada)

Wadau, salamu kwenu.

Juzi alfajiri nilimsindikiza mpwa wangu stendi ya Nyegezi kupanda basi la Dar. Ana miaka 19, winga wa kulia anayetumia mguu wa kushoto. Mpira aliuanzia kwenye kiwanja cha vumbi hapa Mkolani akichanganyika na wavulana, akaenda UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, akaonekana, akachukuliwa na timu moja ya hapa mkoani ambayo siitaji, akakaa nayo misimu miwili. Sasa timu ya Dar imemwita. Tukiwa tunasubiri basi nikamuuliza, hawa wa huku wamepata shilingi ngapi kwa kukuachia? Akacheka. "Anko, naondoka na begi langu tu."

Jioni nikalipeleka suala hilo kijiweni, likawaka moto. Wengi wakasema dawa ni moja: halmashauri ndiyo mwenye Pamba Jiji, basi timu ya wanawake ya mkoa nayo iingie humo humo, ipate jina, basi, jezi na kocha mwenye leseni, tumalize. Mimi nikapinga, nikazomewa. Naleta hapa nizomewe na wengi zaidi.

Sababu yangu ya kwanza ni historia yetu wenyewe. Pamba alichukua ubingwa wa Tanzania 1990, halafu akashuka, akakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 hadi aliporudi 2024. Toto Africans akashuka 2017. Mbao, mwaka huo huo wa 2017, alicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba, tukatembea vifua mbele, na 2020 akashuka. Mwaka huo wa 2020 Alliance nayo ikashuka. Jiji la samaki wote hawa likaachwa bila timu Ligi Kuu.

Hapo ndipo pana jambo tunalolipita kila siku. Alliance ya wanaume iliposhuka, Alliance Girls waliendelea kucheza Ligi Kuu ya Wanawake kama kawaida. Mabinti hawa wanalelewa na shule ya Alliance pale Mahina. Matokeo ya kaka zao hayakuwagusa. Wangekuwa wamefungwa mkia kwa mkia na timu ya wanaume, nani angewalisha mwaka ule?

Sababu ya pili: timu ya wanaume ikikosa fedha (na Mwanza hukosa), cha kwanza kukatwa ni cha wanawake. Sihitaji kuwa mhasibu kulijua hilo. Nimeliona kwenye nyumba za watu, mtoto wa kike ndiye anayeacha shule kwanza.

Kwa hiyo nasema hivi: timu iwe na usajili wake, akaunti yake ya benki, bodi yake. Jiji likitaka kusaidia, litoe Uwanja wa Nyamagana bure siku za mechi, litoe usafiri. Jina waachieni wenyewe.

Karibuni.

Lindanda Damu

Mleta mada, umeandika vizuri lakini umeandika kwa hasira ya mpwa.

TP Lindanda Wana Kawekamo si jina la kuchezea. Ukienda kwa mdhamini na timu inayoitwa sijui nani Queens, atakuuliza mnatoka wapi. Ukienda na Pamba, mzee wake aliwahi kuimba Pamba. Mashabiki hawatengenezwi kwenye ofisi ya msajili.

Tazama waliofanikiwa. Mlandizi Queens walikuwa mabingwa wa kwanza wa Ligi Kuu ya Wanawake, msimu wa 2016/17. Heshima kwao. Baada ya hapo kombe limekwenda kwa nani? JKT Queens na Simba Queens, wakibadilishana wenyewe kwa wenyewe. Simba Queens walichukua mara tatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022, kisha wakaenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika wakamaliza nafasi ya nne. JKT Queens wakaenda Ivory Coast 2023. Mmoja ana mgongo wa klabu kubwa, mwingine ana mgongo wa jeshi. Timu inayosimama yenyewe iko wapi kwenye hiyo orodha?

Isitoshe, CAF yenyewe, shirikisho la soka Afrika, imeweka kwenye masharti ya leseni kwamba klabu inayotaka kucheza mashindano yake ya wanaume iwe na timu ya wanawake. Siku Lindanda wakifika huko wataihitaji tu. Kwa nini tusianze mapema?

Nakuongezea moja ya Ulaya, maana najua utaniletea ya Ulaya. Sweden kulikuwa na klabu ya wanawake watupu, Kopparbergs/Göteborg. Ilichukua ubingwa wa nchi 2020. Mwaka huo huo haujaisha, wakatangaza wanaifunga. Bingwa wa nchi, anafunga milango! Iliokolewa na BK Häcken, klabu ya wanaume, iliyoichukua mwanzoni mwa 2021. Na unajua nani alisajiliwa Häcken 2022 akitokea Yanga Princess? Aisha Masaka wetu. Kama klabu ile ingesimama yenyewe kama unavyotaka wewe, ingekuwa kaburi, na Masaka asingepita hapo kwenda Brighton.

Mama Dagaa wa Igogo

Jamani shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi nauza dagaa Mwaloni na nina binti wa miaka 15 anacheza. Haya ya Sweden siyajui. Ninachojua ni kwamba mwezi ukiwa mkali dagaa hawaonekani, wavuvi wanalala nyumbani, na sisi wa nchi kavu tunalala nao njaa. Wiki hizo ndizo timu inapotuma ujumbe: mzazi, leta viatu vya njumu, leta nauli ya Sengerema, leta fedha ya chakula cha kambi. Namlipia mwanangu acheze. Halafu nasikia watu hapa wanazungumza timu ya kulipwa. Anayelipa ni mimi!

Swali langu moja kwa wote wawili, wewe wa Mkolani na wewe wa Lindanda. Mwanangu akivunjika mguu uwanjani, nani ananisindikiza hospitali ya Bugando? Huyo ndiye nitampa mtoto. Jina la timu liwe hata Furu, yule samaki mdogo.

Bajaji ya Igoma

Mama umeua 😂 Furu Queens naisajili mimi.

Lakini tuseme ukweli. Soka la wanawake hapa halina watu. Nimewahi kuingia Nyamagana siku ya mechi ya kina dada, na wauza karanga walikuwa nusu ya mashabiki. Tufanye hesabu ndogo. Wachezaji na benchi, tuseme watu 25. Nauli ya basi kwenda Dar, tuseme elfu 70. Hapo ni milioni moja na laki saba na nusu kwenda tu. Kurudi hivyo hivyo. Milioni tatu na nusu na hujalala, hujala, hujapigwa faini na polisi wa usalama barabarani. Wenzao wa Dar wanakutana wao kwa wao kwa daladala. Unarudisha hiyo fedha kwa kiingilio gani?

Jiji likitoa, litatoa kwenye ushuru wangu wa maegesho. Zahanati yetu haina hata gloves. Nitapiga kelele.

Mwalimu Mstaafu, Bwiru

Nimefundisha michezo zaidi ya miaka 30 na nimepeleka timu za wasichana UMISSETA mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, kwa hiyo mniruhusu niwe mrefu kidogo.

Kijana wa bajaji, gharama ya safari umeisema sawa, na ndiyo maana timu za pembezoni huchoka mwezi wa pili wa ligi. Lakini kuhusu watu, usimlaumu mchezaji kwa kiti kitupu. Mechi inapangwa saa nane mchana siku ya kazi, tangazo linatoka asubuhi yake kwenye kundi la WhatsApp la viongozi. Mimi mwenyewe nimekosa mechi ya wanafunzi wangu wa zamani kwa sababu hakuna aliyeniambia. Barcelona mwaka 2022 walijaza Camp Nou watu 91,648, wanawake hao, dhidi ya Wolfsburg. Hawakuamka siku moja wakawakuta wamekaa.

Na wewe wa Lindanda, kabla hujaidandia hiyo Barcelona kwamba ni klabu ya wanaume: 2006 wanaume wa Barcelona walichukua ubingwa wa Ulaya. Msimu uliofuata, 2007, wanawake wa klabu hiyo hiyo walishuka daraja nyumbani kwao. Jina lilikuwepo, kabati la makombe lilikuwepo. Fedha haikuvuka ukumbi. Ilipofika 2015 ndipo klabu iliwafanya wale wanawake kuwa wachezaji wa kulipwa kweli kweli, na kilichofuata mnakijua. Kwa hiyo kuwa chini ya klabu kubwa ni jambo moja, na klabu kuamua kulipa ni jambo jingine.

Mimi naangukia kwenye shule. Mtoto wa kike wa miaka 14 kutoka Ukerewe au Misungwi hahitaji klabu, anahitaji bweni lenye matroni, darasa, chakula na kiwanja. Alliance wameonyesha kwamba inawezekana Mwanza hii hii. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Watoto wa kitanzania! Walikuwa watoto wa shule, wameandaliwa wakiwa shuleni. Tatizo linaanza wanapomaliza kidato cha nne. Hapo shule inamaliza kazi yake na hakuna wa kupokea.

Kwa hiyo swali la mleta mada mimi ningeligeuza: nani anampokea binti siku ya kuhitimu?

Mjomba wa Mkolani

Mwalimu, shikamoo. Umenisaidia na umenigonga kwa wakati mmoja.

Lindanda Damu, ya Sweden sikuwa naijua, nimeitafuta na ni kweli. Nakubali inauma upande wangu. Timu inayosimama yenyewe inaweza kufa hata ikiwa bingwa. Ila nawe kubali ya Alliance.

Bajaji, hakuna aliyesema tuchukue fedha ya zahanati. Ingawa nikuulize, Pamba ya wanaume inaposafiri kwenda Dar, ulipiga kelele ya gloves?

Bajaji ya Igoma

Hapo umenishika pabaya mzee 😂

Kiungo wa Zamani

Nilikuwa nasoma tu kimya lakini nimeshindwa.

Nimecheza Ligi Kuu ya Wanawake misimu mitatu, kwa timu ya kanda hii. Sitaji timu, viongozi wake wengine bado nasalimiana nao sokoni. Nataka niwaeleze kulipwa kulikuwaje.

Siku ya kwanza niliambiwa mshahara ni kiasi fulani kwa mwezi. Nikapewa fomu nisaini, nikabandika picha ya pasipoti, nikaweka dole gumba. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama nimesaini mkataba. Mama akapika wali. Ilinichukua mwaka kuelewa kwamba ile ilikuwa fomu ya usajili wa ligi. Mkataba sijawahi kuuona, mpaka nastaafu. Mshahara nilipata miezi miwili ya kwanza, baadaye ikawa posho ya mechi, baadaye ikawa posho tukishinda. Tukitoka sare kocha alikuwa anatununulia soda kutoka mfukoni mwake, Mungu ambariki.

Kambi tulilala darasani, magodoro sakafuni, shule ikifunguliwa tunahama. Siyo kwamba nalalamika sana, tulicheka sana kwenye yale magodoro. Lakini rafiki yangu mmoja, beki wa kati, alipata ujauzito. Hakufukuzwa. Hakuna aliyemwambia lolote. Jina lake halikuwepo tu kwenye orodha ya safari iliyofuata, na jezi yake alipewa mwingine. Leo anauza mitumba Mlango Mmoja na mpira hataki hata kuuona kwenye runinga.

Mwingine, kipa wetu, alikwenda JKT. Mnasema JKT Queens wanashinda kwa sababu ya mgongo wa jeshi, mimi nasema wanashinda kwa sababu msichana akiingia pale anaiona ajira mbele yake. Mpira ukiisha yeye anabaki na kazi. Unadhani anacheza vile vile kama mimi niliyekuwa nawaza kodi ya chumba Mabatini?

Kwa hiyo mnabishana Pamba au si Pamba. Mimi ile timu yangu ilikuwa inasimama yenyewe, mjomba. Ilisimama kwenye miguu yetu.

Lindanda Damu

Dada pole sana. Na asante, maana hiyo sentensi ya mwisho ndiyo hoja yangu niliyoshindwa kuisema.

Mwanasheria Mtarajiwa, Malimbe

Nasoma sheria hapa chuo cha SAUT, bado sijawa wakili, kwa hiyo msinilipe 😄. Lakini aliyosema dada Kiungo yanahitaji watu wayaelewe kisheria, kwa sababu hapo ndipo mjadala wote ulipolala.

Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji zinagawa wachezaji makundi mawili tu. Mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu, na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Vyote viwili kwa pamoja. Wengine wote ni wa ridhaa, hata wakicheza ligi kuu, hata wakionekana kwenye runinga. Kwa hiyo dada hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa hata siku moja. Na mtoto wa Mama Dagaa, ambaye mama ndiye anamnunulia njumu, kwa kanuni hiyo ni wa ridhaa bila ubishi.

Sasa swali la mjomba, timu ya hapa imepata nini. Kama mpwa wako alikuwa na mkataba hai, timu ya Dar ingelazimika kukaa mezani. Kama hakuwa nao, ni mchezaji huru, anaondoka na begi. Timu yake haikuibiwa. Ilijinyima yenyewe kwa kukwepa kumwandikia mkataba, kwa kuwa mkataba unamaanisha mshahara.

Kuna kitu kingine kinaumiza zaidi na watu wengi wa mpira hawakijui. Kwa wanaume, kijana akisajiliwa nje kama mchezaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza, klabu zilizomlea hudai fidia ya mafunzo. Academy nyingi za wavulana Afrika zinaishi kwa ndoto ya fidia hiyo. Kwa wanawake, kanuni hizo hizo miaka yote zimesema fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake. Kinachobaki ni mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, unaogawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Asilimia 5 ya ada. Ada ikiwa sifuri, asilimia 5 yake ni sifuri. Na kiwanja cha vumbi cha Mkolani hakimo, kwa sababu mtoto hakusajiliwa popote alipokuwa hapo.

Wazo la mwalimu la shule ni zuri lakini lina tundu hilo. Shule inalea bure, anayevuna ni yule mwenye mkataba.

Mwalimu Mstaafu, Bwiru

Mwanangu, hilo la fidia sikulijua na nimekaa kwenye mpira tangu ujana wangu. Kwa hiyo mimi nikilea mvulana na msichana kwenye kiwanja kimoja, kwa filimbi moja, mvulana ana bei na msichana hana?

Mwanasheria Mtarajiwa, Malimbe

Ndivyo, mwalimu. Walioitunga waliona gharama ya fidia ingezifanya klabu ziogope kusajili wanawake wakati ligi zao bado changa. Inaeleweka. Ila gharama hiyo haikufutika, imehamishiwa kwa mlezi.

Mama Dagaa wa Igogo

Mlezi ndiye mimi.

Mwanasheria, na ile ya ujauzito aliyosema dada?

Mwanasheria Mtarajiwa, Malimbe

Mama, tangu 2021 FIFA imeweka likizo ya uzazi ya angalau wiki 14 kwa mchezaji wa kike wa kulipwa, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara wake. Na sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa mjamzito siku 84 zenye malipo. Lakini soma tena: "wa kulipwa", "mwajiriwa". Aliyesaini fomu yenye picha ya pasipoti hayumo kwenye yote mawili. Yule beki hakufukuzwa kwa sababu hakuwahi kuajiriwa.

Bajaji ya Igoma

Mnanitia huzuni na mimi nilikuja kucheka.

Swali la kijinga. Halmashauri si hutenga asilimia 10 ya mapato yake kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu? Mabinti hawa ni wanawake na ni vijana. Waunde kikundi, wakope, mambo yaishe. Hapo hata mimi sipigi kelele, maana ile inarudishwa.

Kiungo wa Zamani

Si swali la kijinga. Tulishawahi kuliwaza, kikundi cha wachezaji tukaushe dagaa au tushone jezi za shule. Shida ni muda. Mazoezi asubuhi na jioni, safari siku nne, nani anageuza dagaa kwenye chanja? Na mkopo ni mkopo, timu ikishuka daraja deni halishuki. Lakini kwa wale wanaomaliza mpira, hapo ndiyo ingefaa. Mimi leo nina cherehani mbili za namna hiyo.

Lindanda Damu

Basi ngoja nirudi mezani kwa adabu.

Nabadilisha maneno yangu kidogo, si msimamo. Timu iwe chini ya Lindanda, lakini bajeti yake iandikwe peke yake na ipitishwe na madiwani kama fungu lake, isiwe "na mengineyo" chini ya timu ya wanaume. Na ianze na wachezaji wachache wenye mikataba, hata 11, wengine wabaki wa ridhaa na waambiwe wazi kuwa ni wa ridhaa. Kudanganywa ndiko kunakouma kuliko kutolipwa.

Mjomba, timu yako inayosimama yenyewe nayo itatoa mikataba 11? Kwa fedha ya nani?

Mjomba wa Mkolani

Hapo umenibana. Sina jibu la fedha ya nani. Viwanda vya minofu ya sangara viko hapa, wafanyakazi wake wengi ni wanawake, nilitegemea huko, lakini hayo ni matumaini.

Hoja yangu inayobaki ni hii. Ukiiweka kwenye Jiji, ni Jiji gani? Halmashauri ya Jiji ni Nyamagana. Ilemela ni manispaa nyingine, ina mkurugenzi wake na madiwani wake. Uwanja wa Kirumba uko Ilemela na mwenyewe ni CCM. Binti wa Pasiansi ni wa nani? Wa Magu? Wa Ukerewe? Timu ya wanaume imezoea hayo kwa sababu ni ya zamani. Timu mpya ya wanawake itaanza maisha katikati ya mabishano ya watu wazima.

Lakini 11 wenye mikataba, wengine waambiwe ukweli, hilo nalichukua. Liwe chini ya Pamba, liwe chini ya shule, liwe Furu Queens.

Bajaji ya Igoma

FURU QUEENS 🐟🐟

Mwalimu Mstaafu, Bwiru

Mikataba 11 kwa mwaka mmoja haisaidii mtoto anayemaliza kidato cha nne. Na aliye chini ya miaka 18, kanuni zinaruhusu mkataba usiozidi miaka mitatu. Mimi ningeomba mitatu kati ya hiyo 11 iwe ya wahitimu wa mwaka huo, kila mwaka. Vinginevyo mtawapa wakongwe wote na mlango utabaki umefungwa kwa wadogo.

Kiungo wa Zamani

Mwalimu, wakongwe nao wana kodi ya chumba.

Mwalimu Mstaafu, Bwiru

Najua, binti yangu. Sijasema ni rahisi.

Mwanasheria Mtarajiwa, Malimbe

Mjomba, nje ya mada kidogo. Huyo mpwa aliyekwenda Dar, ameshasaini? Kama bado, mwambie apige picha kila ukurasa akutumie kwanza. Nitasoma bure.

Mjomba wa Mkolani

Nimempigia sasa hivi, mkuu. Amefika salama, amechoka na basi. Anasema amesaini jana usiku, kurasa mbili, na picha ya pasipoti wamebandika juu kulia.

Kiungo wa Zamani

Picha ya pasipoti?

Mjomba wa Mkolani

Ndiyo. Nakala hajapewa. Ameambiwa printa ya ofisini imeisha wino, aje Jumatatu.

Mwanasheria Mtarajiwa, Malimbe

Jumatatu akienda, asiulize mshahara kwanza. Aulize juu ya karatasi pameandikwa nini: mkataba, au fomu.